Taya lililofukuliwa ufukweni Kayenze: je, meno yanasema ni la mwanaume au la mwanamke?

SWALI

Shikamoo daktari. Vijana waliokuwa wakichota mchanga ufukweni huku kwetu Kayenze wamefukua taya la chini la mtu. Lina meno kadhaa, mengine yametoka. Mwenyekiti wa mtaa amelihifadhi kwenye mfuko wa rambo. Mzee mmoja tunayemheshimu amelitazama akasema ni la mwanaume, kwa sababu meno ni makubwa na yana rangi ya kahawia kama ya mvuta sigara. Kuna familia hapa ilimpoteza kijana wao mtumbwi ulipopinduka miaka kadhaa iliyopita, mwili haukuonekana. Kwa maneno ya mzee wameshaanza kujiandaa kuzika. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, watu wananiuliza. Je, kweli meno yanaonyesha jinsia? Na yanapimwaje?

JIBU

Marahaba, katibu. Poleni nyote, na pole zaidi kwa hiyo familia. Nianze na la haraka: waombe wasizike kwanza. Meno yanaweza kusema jinsia, na maabara ikiyafikia yakiwa katika hali nzuri yanaisema kwa uhakika mkubwa. Lakini hayasemi kwa kutazamwa tu, na rangi haimo kabisa katika hesabu hiyo. Halafu, hata yakisema "mwanaume", bado hayajasema "ni mtoto wenu". Hayo ni mambo mawili tofauti, na familia iliyokaa miaka bila kaburi inastahili kuelezwa tofauti hiyo mapema, kabla jeneza halijanunuliwa.

Kwanza tuimalize rangi. Jino la kahawia lina sababu nyingi, na hakuna hata moja ya kiume. Kwetu Tanzania sababu kubwa ni maji. Kuna maeneo, Arusha na Kilimanjaro yakiwa maarufu zaidi, lakini na sehemu za Shinyanga na Mwanza hii yetu, ambako visima vina floraidi nyingi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima bado yanaumbika ndani ya taya, yataota na madoa atakayobaki nayo maisha yake yote, awe wa kike au wa kiume. Sababu ya pili ni udongo wenyewe. Mfupa uliolala kwenye tope au mchanga wenye chuma hunywa rangi ya mahali ulipolala. Tumbaku ni ya tatu, na hapo pia sote tunawajua akina bibi wa kanda hii wanaovuta kiko na kunusa ugoro.

Kuna namna ya kutofautisha ambayo hata mzee wenu anaweza kuiona bila kugusa kitu. Doa la floraidi liko ndani ya gamba la jino, sehemu inayoonekana mtu akicheka, na kwa kawaida hulingana kushoto na kulia. Rangi ya udongo haichagui: inapaka mzizi, inapaka mfupa wa taya, inapaka hata palipovunjika baada ya kifo. Kama mzizi uliochungulia nje una rangi ileile ya kichwa cha jino, mnachokiona huenda ni ziwa na mchanga wake, wala si sigara.

Kwenye ukubwa, mzee hajakosea moja kwa moja. Ni kweli kwamba, kwa wastani, meno ya wanaume ni makubwa kidogo kuliko ya wanawake, na sababu yake imo kwenye kromosomu, vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X na Y. Mtafiti wa Finland, Lassi Alvesalo, alitumia miaka mingi kupima meno ya watu waliozaliwa na kromosomu za jinsia pungufu au za ziada. Aliona kuwa kromosomu X huchangia zaidi unene wa enameli, lile gamba jeupe gumu la nje, wakati Y huchangia enameli na pia dentini, ile tabaka nene iliyo chini yake. Kwa hiyo jino la mwanaume limejazwa zaidi kutoka ndani.

Jino linaloonyesha tofauti hiyo kuliko yote ni chonge, hasa chonge la chini. Stanley Garn na wenzake wa Marekani walilisema hilo tangu miaka ya 1960, na tafiti za nchi nyingi zimeendelea kulirudia. Sasa sikiliza ukubwa wa tofauti yenyewe. Chonge la chini la mtu mzima lina upana wa karibu milimita 7. Tofauti ya wastani kati ya mwanaume na mwanamke ni asilimia chache tu ya hapo, yaani kwa kawaida haifiki hata nusu milimita. Hakuna jicho la mtu, hata langu, linaloweza kulitazama jino moja kwenye taya lenye tope na kusema nusu milimita hiyo ipo au haipo.

Kupima kwenyewe ni kazi ya utulivu. Tunatumia kalipa yenye ncha nyembamba, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Ncha moja inakaa pale chonge linapogusana na jino la mbele, nyingine pale linapogusana na gego dogo la nyuma yake, ndipo penye upana mkubwa. Kalipa ikiinama kidogo tu, namba inabadilika. Jino likiwa limesagika kwa kutafuna miaka mingi, namba inapungua. Ndiyo maana tunapima zaidi ya mara moja, na ikiwezekana mtu wa pili anapima bila kuonyeshwa jibu la wa kwanza. Baada ya hapo ndipo namba inalinganishwa na vipimo vya watu ambao jinsia yao inajulikana.

Na hapo kwenye kulinganisha ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mwaka 1989 watafiti wa India walitoa kanuni iliyopendwa sana: chukua upana wa chonge la chini, gawanya kwa umbali kati ya chonge la kushoto na la kulia, ikizidi 0.274, sema mwanaume. Kwa watu waliowapima wao ilifanya vizuri, zaidi ya asilimia 80. Ilipopelekwa kwa watu wengine ikaanza kuyumba, na sababu yake si ngumu. Mwanaume ana chonge pana, lakini na taya lake pia ni pana. Ukigawanya kikubwa kwa kikubwa, na kidogo kwa kidogo, majibu yanasogeleana na tofauti uliyokuwa unaitafuta inapotea. Mimi binafsi siitumii kanuni hiyo, na ningeomba mtu yeyote anayeandika ripoti ya polisi asiitegemee. Namba ya chonge la mtu wa kusini mwa India haina mamlaka juu ya taya la Msukuma, Mkerewe au Mjita mpaka tuwe tumepima meno ya watu wa huku wenyewe.

Tatizo jingine ni letu wenyewe, watu wa kanda hii, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Vitabu vyote vinasema nenda kwenye chonge la chini. Lakini ni jino gani ambalo sisi tumelichokonoa kuliko yote? Ni hilohilo.

Unayajua meno ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, fizi zake zimevimba pale chonge la utoto linapojiandaa kuota. Anapelekwa kwa mtu anayesema kile cheupe kinachoonekana chini ya ufizi ni jino la plastiki, ndilo linalomuumiza, na anakitoboa na kukitoa kwa kitu chenye ncha. Kile cheupe ni chipukizi la chonge la kawaida. Na katika miezi hiyohiyo, chini yake kidogo ndani ya mfupa, chonge la utu uzima ndiyo kwanza linaanza kukusanya madini yake. Ncha ile haijui pa kuishia. Mtoto akipona (wengine hawaponi, kwa sababu kilichokuwa kinamuumiza ni kuharisha, na sasa ameongezewa kidonda), anakua na chonge lililodumaa, lenye enameli iliyokunjamana, au lililoota upande, au asiwe nalo kabisa. Miaka 30 baadaye mtaalamu analiweka chonge hilo kwenye kalipa, linatoa namba ndogo, na kijana wa kiume anaandikwa mwanamke. Kwa hiyo kabla sijapima chonge lolote la mtu wa Kanda ya Ziwa, huwa nalitazama kwanza chini ya lenzi nione kama enameli yake ni laini au ina mabonde, na kama la kushoto na la kulia yanafanana. Yasipofanana, nayaacha na kwenda kwenye magego.

Ukienda kaskazini, ufukwe wa Rorya, unakutana na desturi nyingine. Wazee wa Kijaluo wa zamani waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana, na hayo sita yanabeba chonge zote mbili. Desturi hiyo imekoma kwa vizazi vipya, lakini ziwa halina mpaka wa kabila, na taya la mzee aliyefariki zamani linaweza kuibukia popote. Taya la namna hiyo halina chonge la kupimwa, ila lina habari nyingine kubwa: linakwambia mtu huyu alitoka katika jamii gani na takriban kizazi gani.

Hili linanirudisha kwenye taya lenu. Umesema meno mengine yametoka. Yalitoka lini? Mwambie mwenyekiti atazame matundu bila kuyagusa. Jino likitoka baada ya kifo, tundu lake hubaki wazi, kingo zake kali, unaona shimo lilivyofuata umbo la mzizi. Likitoka mtu akiwa hai na akaishi baada ya hapo, mfupa hujaza tundu na kulifunga, juu pakawa laini kama ngozi ya goti. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja, hivyo nyama zikishaoza huchomoka yenyewe na kubaki mchangani, wakati magego yenye mizizi miwili hung'ang'ania. Matundu ya mbele yakiwa wazi, maana yake meno hayo huenda bado yapo palepale vijana walipochimba. Uchotaji mchanga usimame hapo mpaka polisi wachekeche eneo hilo. Chonge moja iliyobaki mchangani inaweza kuwa na thamani kuliko taya zima.

Labda utauliza, kama meno yanasumbua hivi, kwa nini tusiangalie mifupa mingine? Tungekuwa na nyonga, ningekwambia achana na meno. Nyonga ya mtu mzima ndiyo inayoongoza kwa kuonyesha jinsia, kwa sababu ya mwanamke imeumbwa kupitisha mtoto. Fuvu linafuata, na taya lenyewe lina mchango: kidevu cha mraba na pembe nzito huegemea uanaume, kilichochongoka na chepesi huegemea uanamke. Nasema huegemea. Lakini ziwani mara nyingi hatupati nyonga. Mwili hutawanyika, mawimbi hubeba, na kinachobaki kikiwa kizima ni meno, kwa sababu enameli ni madini kwa takriban asilimia 96, hakuna kitu kigumu zaidi mwilini. Na kwa mtoto, nyonga haina la kusema kabla ya kubalehe, ila kichwa cha jino lake la utu uzima kinakuwa kimekamilika mapema. Cha chonge la chini hukamilika kwenye miaka 6 au 7, hata kabla jino halijaota. Jino halikui tena baada ya hapo. Ukubwa wake ni uleule mpaka uzee uje uusage.

Ukiacha vipimo vya nje, mambo ya hakika yamo ndani ya jino.

Zamani palikuwa na njia ya darubini. Mwaka 1949 huko Kanada, Murray Barr na Ewart Bertram waliona kidoa kwenye kiini cha seli za paka jike ambacho dume hakuwa nacho. Kidoa hicho kipo pia kwa wanawake, na kilikuja kutafutwa kwenye seli za nyama laini iliyo katikati ya jino. Inafaa kwa mwili wa wiki chache. Kwa taya lenu lililokauka, hapana.

Njia ya vinasaba ndiyo inayotumika zaidi duniani. Kuna jeni inayoitwa amelojenini, kazi yake ni kutoa agizo la kutengeneza protini inayojenga enameli. Iko kwenye kromosomu X, na nakala yake nyingine iko kwenye Y. Nakala hizo mbili hazilingani urefu: katika sehemu moja ile ya X imepungukiwa herufi 6 za vinasaba. Maabara inanakili sehemu hiyo mara nyingi sana, kisha inapima urefu wa vipande. Mwanamke, mwenye X mbili, anatoa kipande cha urefu mmoja tu. Kwa vipimo vinavyotumika sana huwa ni herufi 106. Mwanaume, mwenye X na Y, anatoa vya aina mbili, 106 na 112. Jibu linasomeka kwenye skrini kama mlima mmoja au milima miwili.

Njia hii nayo ina mitego. Kuna wanaume wachache, wameonekana zaidi katika jamii za bara Hindi, ambao kile kipande cha Y kimekatika kwa kuzaliwa. Wao watatoa mlima mmoja na kusomeka kama wanawake. Mtego wa pili unatuhusu zaidi sisi: vinasaba vikiwa vimechakaa, mlima wa Y unaweza kushindwa kutokea kwa bahati mbaya tu, na mwanaume akasomeka mwanamke vilevile. Ndiyo maana maabara makini haiishii kwenye amelojenini, inatafuta pia alama nyingine za kromosomu Y. Ukiona ripoti iliyosema "mwanamke" kwa kukosa Y peke yake kwenye sampuli dhaifu, uliza maswali.

Na ziwa letu huvila vinasaba. Maji ya uvuguvugu na bakteria ni adui zake wakubwa kuliko miaka. Ndani ya jino vinasaba hujificha sehemu mbili, kwenye nyama ya katikati na kwenye utando mgumu unaofunika mzizi. Nyama huoza mapema. Ule utando wa mzizi hudumu zaidi, na ndio tunaoutegemea kwa mabaki ya zamani. Kwa hiyo jino zuri kwa maabara ni gego zima, lisilotoboka, ambalo mzizi wake bado umezama kwenye mfupa. Hilo ndilo jino ambalo mtu asiyejua atalichezea ili alione vizuri, likalegea, likatoka, na mzizi ukakwanguliwa kwa kisu kuondoa tope. Tafadhali, mtu yeyote asifanye hivyo.

Vinasaba vikishindwa, kuna njia mpya ambayo mimi naiona kuwa hatua kubwa kuliko zote katika kazi yetu kwa miaka ya karibuni. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na Brazil walionyesha kuwa huhitaji vinasaba vyenyewe. Ile protini ya amelojenini, iliyojenga enameli utotoni, huacha vipande vyake vidogo vimenaswa ndani ya madini. Maji hayaingii humo kirahisi, bakteria hawana chakula humo. Unasafisha sehemu ndogo ya jino, unaigusisha asidi hafifu ya haidrokloriki kwa dakika chache, asidi inang'oa tabaka jembamba sana la enameli pamoja na vipande hivyo, kisha mashine inayopima uzito wa molekuli inavitambua kimoja kimoja. Toleo la Y lina umbo lake, la X lina lake. Toleo la Y likionekana, huyo ni mwanaume. Jino linabaki karibu kama lilivyokuwa.

Njia hii imefumua mambo yaliyoaminiwa kwa miaka. Mwaka 2009 mjini Modena, Italia, walifukuliwa watu wawili wa kale waliozikwa wameshikana mikono, na dunia ikawaita wapenzi, mume na mke. Mwaka 2019 enameli ikasema wote wawili ni wanaume. Huko Valencina, karibu na Seville nchini Hispania, kaburi la kitajiri la karibu miaka 5,000 lilifukuliwa mwaka 2008, likajaa pembe za ndovu na vitu vya thamani, wataalamu wakamwita mwenye kaburi mwanaume, mtawala. Mwaka 2023 enameli yake ikasema alikuwa mwanamke. Hao walikuwa wataalamu wenye mifupa mikononi, si mzee wa mtaa. Namwambia mzee wenu hivyo kwa heshima yote: waliokosea kwa kutazama ni wengi, na wana shahada.

Hata hapa nitaweka tahadhari. Toleo la Y ni chache, kama sehemu moja ya kumi ya protini yote. Kutoonekana kwake kunathibitisha mwanamke pale tu toleo la X limeonekana kwa nguvu ya kutosha. Likiwa dhaifu, jibu la kweli ni kwamba sampuli haikutosha.

Sasa, kijana wa familia hiyo. Jibu likirudi "mwanamke", angalau wamejua mara moja kuwa siye, na hawatakuwa wamezika mtu wa wengine. Likirudi "mwanaume", wamesogea hatua moja tu. Fikiria ziwa hili limechukua wanaume wangapi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, na makaburi ya Igoma ni ushahidi wa wengi waliozikwa pamoja. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara. Ongeza mitumbwi ya dagaa na ya sangara ambayo haiandikwi magazetini. Halafu kumbuka ziwa lenyewe husogea. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 lilifikia kina kikubwa kuliko hata wakati ule. Maji yakipanda hivyo hula fukwe, na makaburi ya zamani ya ufukweni hufunguka. Taya lenu linaweza kuwa la mtu aliyezikwa kwa heshima zote na watoto wake kabla wewe hujazaliwa.

Umri utasaidia kuchuja. Kijana alikuwa na miaka mingapi? Gego la mwisho kabisa, lile linaloota mtu akikaribia au kupita miaka 18, kama bado limezama ndani ya mfupa na mizizi yake haijafunga, huyo alikuwa mdogo. Kama limeota na limesagika, kijana wa miaka 17 hawezi kuwa yeye. Daktari wa meno mwenye mashine ya eksirei anaweza kuliona hilo kwa picha moja.

Na kuna kitu familia inacho nyumbani bila kujua thamani yake. Waulize kama wana picha ya kijana akicheka, kwenye simu ya rafiki, kwenye albamu ya sherehe, popote. Wengi wetu hatuna faili kwa daktari wa meno, lakini karibu kila kijana ana picha aliyocheka. Meno ya chini yakionekana kidogo, mpangilio wake unaweza kulinganishwa na taya: jino lililopanda juu ya jingine, lililovunjika pembe, mwanya, chonge lililokaa upande. Wakusanye picha zote, wasizipunguze ukubwa kwa kuzituma tena na tena WhatsApp. Wazipeleke kutoka kwenye simu ya aliyepiga.

Kuhusu utaratibu, wewe kama katibu fanya hivi leo. Toa taarifa kituo cha polisi Ilemela, maana mabaki ya mtu ni suala la polisi, hata yakiwa ya miaka 50. Wao ndio watakaoandika barua ya kupeleka taya hospitali, Bugando au Sekou Toure, na sampuli kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Vipimo vya vinasaba vya binadamu vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, havichukuliwi kienyeji, kwa hiyo mtu yeyote atakayekuja kuiambia familia kuwa anaweza kuwapimia kwa siri wamkatae. Mkiwa mnawasubiri polisi, taya litolewe kwenye rambo. Rambo huzuia unyevu usitoke, unyevu hukaribisha ukungu, ukungu humaliza kilichobaki. Aliyeligusa tangu mwanzo, na awe mmoja, avae glovu, aliweke kwenye boksi safi la karatasi, mahali penye kivuli na pakavu, pasipofikiwa na watoto wala mbwa. Lisioshwe kwa maji wala kwa sabuni, na lisiguswe kabisa na Jik: dawa hiyo ndiyo tunayoitumia maabara kuua vinasaba kwenye meza zetu. Lisianikwe juani. Majina ya wote walioligusa yaandikwe, kwa sababu vinasaba vyao vinaweza kuonekana kwenye kipimo na ni lazima vitambuliwe.

Familia nao watahitajika kutoa sampuli, pamba inayosuguliwa ndani ya shavu, haina maumivu. Mama mzazi wa kijana akiwa hai, yeye ndiye wa kwanza. Anabeba nusu ya vinasaba vya mwanaye, na pia vile vinasaba vya mstari wa mama ambavyo hudumu zaidi kwenye mabaki yaliyochakaa kwa sababu vipo kwa wingi katika kila seli. Baba pia achukuliwe. Mama asipokuwepo, vile vya mstari wa mama tutavipata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa mjomba wa damu au kwa mama mdogo. Kaka wa baba mmoja na mama tofauti hana huo mstari, ingawa vinasaba vyake vya upande wa baba vinaweza kusaidia kama taya ni la mwanaume. Kama kijana aliacha mtoto, hata mchanga, mtajeni kwa polisi tangu siku ya kwanza.